Kiwiko cha Bomba la Jikoni

Mwaka ambao reli ya Wajerumani ilifika Moshi, watu wa Akheri, kwenye mteremko wa mlima Meru, walikuwa na habari nyingi za kuzungumza. Naftali hakuwa na hamu nazo. Mawazo yake yote yalikuwa kwenye sinki la jirani yake.

Naftali alikuwa mtu wa mfereji. Kila asubuhi, kabla umande haujakauka kwenye migomba, alipanda na jembe lake mpaka pale maji yanapochepushwa kutoka mtoni. Kutoka hapo aliufuata mfereji ukishuka mlima. Aliondoa majani, akaziba panapovuja, akafungulia kila shamba maji kwa zamu yake. Wazee walimpa kazi hiyo kwa sababu jicho lake halikosei. Alitazama mteremko mara moja tu, akajua maji yatapita wapi.

Kitu kimoja alikichukia, nacho ni maji yaliyosimama. Maji yakisimama kwenye kona, mchanga hutua, magugu huota, na mfereji huziba. Kwa hiyo kila alipokuta kona isiyo na sababu, aliinyoosha.

Mke wake aliitwa Hanna. Walikuwa na binti mdogo, Ndeshi, na ndiyo maana watu waliwaita Baba Ndeshi na Mama Ndeshi. Hanna aliosha vyombo nje ya mlango wa jiko, amechuchumaa, na maji machafu aliyamwaga palepale. Nyumba ile ilipenda sana loshoro, yaani mahindi na ndizi zilizopondwa pamoja na maziwa ya mgando. Ni chakula kitamu, lakini sufuria yake ina mafuta na harufu. Mlangoni hapakukauka tope, na nzi hawakuondoka.

Jirani yao aliitwa Mikaeli. Yeye na Naftali walikuwa rika moja. Walitiwa jandoni msimu mmoja, wakabatizwa Jumapili moja. Mikaeli alikuwa seremala wa misheni. Wajerumani walipojenga nyumba ya mchungaji, aliwasaidia kufunga mabomba, akaishika kazi hiyo. Mke wake alikuwa amefariki miaka miwili nyuma, naye aliishi na mama yake mzee. Magoti ya mama yalipokataa kuchuchumaa, Mikaeli alimfungia sinki jikoni. Lilikuwa beseni kubwa la chuma lililowekwa juu ya miguu ya mbao. Chini lilikuwa na tundu, na bomba lililopeleka maji machafu nje. Mtu aliosha vyombo amesimama wima kama anayeimba kanisani.

Hanna alipoliona, alirudi nyumbani macho yanang'aa.

Mwanzoni alikwenda kwa Mama Mikaeli mara moja kwa juma, na sufuria moja. Halafu akawa anakwenda kila siku, na vyombo vyote. Kazi ya muda mfupi ikawa inachukua nusu ya mchana. Naftali alirudi kutoka mferejini akakuta jiko baridi, na ng'ambo ya migomba akasikia kicheko cha mke wake. Hakuwa amekisikia kicheko cha namna hiyo nyumbani kwake tangu mavuno ya mwaka uliopita. Alisimama na jembe begani, akisikiliza. Alitaka kujua kama kuna sauti ya mwanamume katikati ya kile kicheko. Upepo haukumsaidia.

Jioni ilikuwa mbaya zaidi. Hanna alipakua chakula huku akisimulia. Mikaeli anasema chokaa ikichanganywa na mchanga mzuri hushika kama jiwe. Mikaeli anasema maji machafu yasimwagwe karibu na mfereji. Mikaeli anasema nzi huleta kuhara. Naftali alitafuna pole pole. Chakula kilimkaa kifuani. Yeye ndiye aliyeleta maji katika mashamba ya watu arobaini, na nyumbani kwake anayejua maji ni Mikaeli.

Mtu wa makamo angesemaje kwamba anamwonea wivu seremala kwa sababu ya beseni?

Siku moja alipita kwa Mikaeli kusudi, wakati hapana mtu, akachungulia chini ya lile sinki. Alichokiona kilimfurahisha mno. Bomba la Mikaeli lilishuka kutoka kwenye tundu, likapinda, likapanda tena kidogo, ndipo likatoka nje. Lilikuwa limepinda kama mtu aliyekunja kiwiko. Naftali alijua mara moja kwamba maji husimama pale chini ya kiwiko. Huyu anayesifiwa kila jioni alikuwa ameweka kona katikati ya njia ya maji. Naftali alikwenda zake akitabasamu peke yake.

Juma lililofuata alisikia kwamba mlowezi mmoja kule mto Usa anahama na anauza vitu vyake. Naftali aliswaga beberu mnene mpaka huko. Alimbadilisha, akarudi na sinki jeupe kichwani, zuri kuliko la Mikaeli, na mabomba matatu ya chuma begani. Katika vile vipande kilikuwamo kiwiko kimoja, kama kile kile alichokiona.

Hanna alishika mdomo kwa furaha. Akamwambia mume wake amwite Mikaeli, aje amsaidie kufunga.

"Kwa nini nimwite?" Naftali aliuliza. "Nani anayeongoza maji katika mlima huu, mimi au yeye?"

Akafanya kazi peke yake siku tatu. Upande wa chini wa nyumba, mbali na mfereji, alichimba shimo refu kumzidi mtu. Akalijaza mawe na kulifunika kwa magogo na udongo, ili maji machafu yanyonywe na ardhi. Shimo hilo lilikuwa zuri. Akalaza mabomba kutoka jikoni mpaka shimoni kwa mteremko uliopimwa na jicho lake, nao pia ulikuwa mzuri. Kile kiwiko akakitazama, akakicheka, akakitupa migombani. Bomba lake lilishuka kutoka tunduni na kutoka nje moja kwa moja, bila kusita popote.

Siku ya kwanza Hanna aliosha vyombo akiimba. Maji yalipomwagwa yalitoweka kwa kishindo. Naftali alikaa kwenye kigoda mlangoni akimtazama, na kwa mara ya kwanza baada ya miezi mingi chakula kilimshuka vizuri. Siku ile hapakuwa na "Mikaeli anasema."

Siku ya nne Hanna aliuliza kama kuna panya aliyekufa darini. Walitafuta, hawakuona kitu. Siku ya sita harufu ilijaa jiko zima. Ilikuwa harufu ya maziwa yaliyooza na mafuta ya zamani, na ilitoka katika tundu la sinki. Hanna alisugua sinki kwa majivu. Aliziba tundu kwa jani la mgomba, akaweka jiwe juu. Alipoondoa jiwe ili aoshe vyombo, mende watano walitoka wakifuatana kama watu wa gwaride la boma.

Naftali alisema harufu itaisha yenyewe. Haikuisha. Ndeshi alianza kukataa kula jikoni. Hanna alivumilia mpaka siku ya kumi. Siku hiyo alipanga vyombo vyake ndani ya kapu, akaliweka kichwani, akashika njia ya migombani.

Naftali alimwona. Alitoka mbio mpaka uani.

"Unafuata sinki," alisema, "au unamfuata mwenye sinki?"

Hanna alisimama. Alilitua kapu chini pole pole, kama lina mayai ndani.

"Baba Ndeshi," alisema, "ningekuwa namfuata mwanamume, ningekwenda na masufuria machafu?"

Naftali alilitazama lile kapu, kisha akaitazama njia.

"Basi siendi," Hanna alisema. "Sitakwenda tena kwa Mama Mikaeli. Na jikoni mwako siingii."

Alitoa mafiga matatu jikoni, akayapanga nje uani, karibu kabisa na njia. Ilikuwa masika, na mvua nyepesi ilinyesha tangu asubuhi mpaka jioni. Hanna alipika pale, kanga imemlowa mgongoni, moshi ukimkimbilia usoni. Njia ile ndiyo njia ya watu wote wanaokwenda mferejini. Kila aliyepita alisimama kuuliza kulikoni, mbona mama anapika mvuani ilhali ana jiko. Hanna alimjibu kila mmoja kwa upole kwamba jiko la Baba Ndeshi linapumzika. Wengine walicheka. Mzee mmoja wa mfereji hakucheka. Alimtazama Naftali kwa muda mrefu, akaenda zake.

Kwa siku mbili Hanna hakumsemesha mumewe ila kumwambia chakula kimeiva. Naftali alikula chakula chenye majivu na maji ya mvua. Alianza kuelewa kwamba kuna kitu kinamponyoka, na kwamba hakichukuliwi na Mikaeli. Ni yeye mwenyewe aliyekuwa anakisukuma. Siku ya tatu, Hanna alianza kukohoa. Naftali alivaa koti lake akaondoka.

Alimkuta Mama Mikaeli peke yake, amekaa mlangoni anachambua maharage kwa vidole, kwa kuwa macho yake yalikuwa yamefifia.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu. Wewe ni Naftali. Nakujua kwa miguu, unakanyaga kama unapima ardhi." Akacheka. Halafu akauliza mbona Hanna hamwoni siku hizi. Naftali alisema ana kazi nyingi.

"Mwambie nyumba hii ina ukimya," mama alisema. "Huyu mwanangu huondoka na kengele ya asubuhi, hurudi na kengele ya jioni, siku sita. Mke wako ananiazima masikio. Mimi namsimulia habari za mwanangu mchana kutwa, maskini, na anasikiliza. Utadhani Mikaeli ni mtoto wake."

Naftali aliinamisha kichwa. Kumbe yale ya "Mikaeli anasema" yote yalitoka katika kinywa cha mwanamke huyu mzee. Hapakuwa na mwanamume katika kile kicheko. Walikuwa wanawake wawili na masufuria. Aliona aibu mpaka masikio yakamwasha. Hata hivyo, ndani kabisa, wivu ulibaki umekaa mahali pake, mdogo tu, kama jiwe ndani ya kiatu. Ulikuwa umezoea.

Kengele ya misheni ililia, na baada ya muda Mikaeli akatokea na mfuko wake wa vifaa. Naftali alimwomba amwazime spana.

"Spana ya nini, wa rika langu?" Mikaeli aliuliza.

"Kuna kitu nakaza."

"Nimekutana na mzee mmoja wa mfereji njiani, ameniambia mkeo anapika mvuani. Unakaza nini?"

Naftali alitazama chini. "Jiko langu linanuka," alisema. "Mteremko ni mzuri, shimo ni zuri, na bado linanuka."

"Na kiwiko umekifunga vipi?"

"Nimekitupa."

Mikaeli alimtazama, akadhani ni mzaha. Alipoona si mzaha, alikaa chini, akaweka mfuko, akacheka mpaka mama yake akauliza kuna nini. Ilimuuma Naftali, lakini hakuondoka.

Mikaeli alipomaliza kucheka, hakusema neno la kumdhihaki. Alikwenda shambani akakata bua refu la jani la boga, ambalo ndani ni tupu kama bomba. Akachukua kijinga cha moto kilichofuka moshi, akaliweka bua wima juu yake. Moshi ulipanda ndani ya bua ukatokea juu.

"Hili ndilo bomba lako," alisema. "Moto ni shimo. Maji yanashuka vizuri, sibishi. Lakini njia yanayoshukia maji ndiyo njia inayopandia hewa mbaya. Mende nao wanaijua."

Halafu akalipinda bua katikati, likawa kama kiwiko, akamimina maji kidogo mpaka yakatulia pale penye pindo. Akausogeza upande mmoja wa bua kwenye moshi. Wakangoja. Upande wa pili moshi haukutoka.

Naftali alichuchumaa, akalitazama lile bua kwa karibu. Aliuliza maji mapya yakija itakuwaje. Mikaeli akamimina mengine. Yale ya zamani yalisukumwa yakatoka, na mapya yakakaa mahali pao.

"Maji yanasimama," Naftali alisema taratibu, "lakini hayakai. Yanapokezana zamu."

"Umesema vizuri kunishinda mimi," Mikaeli alisema. "Yale maji ni kama mlango. Unawapitisha wa kwako, unawazuia wageni."

Kesho yake ilikuwa Jumamosi, na Mikaeli aliruhusiwa mapema. Alikuja mchana. Walikwenda wawili migombani kutafuta kiwiko, wakakikuta chini ya majani, kimeingia udongo. Walikiosha. Hanna alikuwa uani kwenye mafiga yake. Alimwamkia Mikaeli, akaendelea na kazi. Hakuingia kutazama.

Kwanza Mikaeli alikagua kazi ya mwenzake. Alihesabu hatua kutoka jikoni mpaka shimoni, na kila hatua alipima bomba limeshuka kiasi gani. Lilishuka upana wa kidole kimoja kwa kila hatua, pote sawasawa.

"Mimi huu mteremko niliurudia mara tatu," alisema. "Wewe umeupata kwa jicho. Ukilaza bomba kama kuta za bonde, maji hukimbia na kuacha mafuta nyuma. Ukililaza kama sakafu, yanalala. Huu wako ndio wenyewe."

Naftali alikohoa kidogo. Alikuwa amejiandaa kwa dharau, na sifa ilimkuta mikono mitupu.

Mikaeli alimwelekeza, na Naftali akafanya kwa mikono yake mwenyewe. Waliweka ndoo chini ya sinki kabla ya kufungua kitu chochote, ili maji yaliyobaki yasimwagike sakafuni. Walitoa lile bomba la moja kwa moja wakalikata. Kwenye kila kiungo Naftali alizungushia nyuzi za katani zilizopakwa mafuta, akizizungusha upande ule ule inakokazwa nati, maana zikizungushwa kinyume hufumuka. Alikaza kwa mkono kwanza, ndipo kwa spana, bila kutumia nguvu za kuvunja. Chini ya kiwiko palikuwa na kizibo kidogo cha chuma. Mikaeli alisema hapo ndipo pa kufungulia siku bomba likiziba, ndoo ikiwa chini.

Kisha walimimina ndoo nzima ya maji. Naftali alipitisha kidole kikavu chini ya kila kiungo. Kimoja kilitoa tone. Alikifungua, akaongeza katani, akakaza upya, akapitisha kidole tena. Kilikuwa kikavu.

Mikaeli alitoa maonyo yake ya mwisho kwa sauti kubwa kidogo, ili yafike uani. Sufuria ya loshoro ipanguswe kwanza kwa jani la mgomba, na mabaki wapewe kuku, kwa sababu mafuta na makombo yakiingia bombani huganda. Kitambaa chenye matundu kiwekwe juu ya tundu. Na kama nyumba itakaa siku nyingi bila mtu, wakirudi wamimine kikombe cha maji, kwa kuwa maji ya kiwikoni yakikauka mlango unabaki wazi. Baada ya hayo akabeba mfuko wake. Alisema mama anamngoja.

Naftali alimsindikiza mpaka migombani. Alitaka kumwambia jambo refu. Alichoweza kusema ni "Ahsante, wa rika langu," na Mikaeli akasema si kitu.

Siku mbili jiko liliachwa wazi, upepo ukapita. Siku ya tatu asubuhi Hanna aliingia. Alipiga magoti mbele ya sinki, akaweka pua kwenye tundu lenyewe, akavuta pumzi. Akavuta tena. Naftali alikuwa amesimama mlangoni.

"Mama Ndeshi," alisema, "lile neno nililokuambia siku ile. Nilikosa."

Hanna hakugeuka. "Lilikuwa neno baya."

"Lilikuwa baya."

"Mwaka mzima unalo tumboni, na mimi nakupakulia chakula." Alisimama, akapangusa magoti. "Ungeniuliza siku ya kwanza, ningekuchukua tukaenda wote kumsikiliza yule mama. Ungechoka kabla yangu."

Alitoka nje. Alirudi na figa la kwanza, likiwa bado na joto, akaliweka mahali pake jikoni. Naftali alikwenda akabeba mengine mawili.

Toka siku hiyo vyombo vilioshwa nyumbani. Tope la mlangoni likakauka, nzi wakapungua, na Ndeshi akapitisha masika yale bila kuharisha, jambo ambalo halikuwahi kutokea tangu azaliwe. Jioni Hanna alikwenda kwa Mama Mikaeli na kibuyu cha maziwa, bila sufuria, akakaa naye. Naftali alipomsikia akicheka ng'ambo ya migomba, bado kitu kilimchoma. Alichukua jembe akatafuta palizi. Siku nyingine kilichoma kidogo, siku nyingine sana, na siku nyingine alisahau kusikiliza.

Habari za sinki jeupe zilienea. Mavuno yalipokwisha alikuja Elisaria, mkulima wa upande wa juu wa mfereji. Alikuwa amepata sinki lake na hakujua pa kuanzia. Alichungulia chini, akashika kiwiko kwa mshangao. Akasema ni akili ya ajabu kuyafanya maji yazuie harufu, na kwamba kweli wazee hawakukosea kumpa Naftali mfereji.

"Nani mwingine angewaza hivi," Elisaria alisema. "Umejifunza wapi?"

Hanna alikuwa anaosha vyombo. Mikono yake ilitulia ndani ya maji.

Naftali alisikia lile jiwe la zamani likigeuka ndani yake. Ingekuwa rahisi sana kunyamaza tu na kutabasamu.

"Kwa Mikaeli," alisema. "Mimi nilikuwa nimekitupa. Mwite yeye akufungie. Mimi nitakuja kukupimia mteremko."

Hanna aliinua sufuria kutoka majini, akaendelea kuisugua.